Alhamisi za Mmbone

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa hili: ukiuzima ujumbe unaokwenda kila Alhamisi kwenye simu ya mtu aliyekwisha kuzikwa, unampumzisha mama yake anayeitunza simu hiyo, au unamnyang'anya? Hapa nimeliandika kwa ufupi, lakini kichwani mwangu halikuwahi kuwa fupi. Labda mama amezoea. Labda anaumia. Labda ujumbe ukikoma atadhani simu imeharibika, aipeleke kwa fundi sokoni, fundi aifungue na kuiharibu kweli. Labda nikienda kumwuliza nitakuwa nimemkumbusha jambo lililoanza kuwa dogo kwake, kana kwamba jambo kama hilo huwa dogo. Nikigeukia ukutani, swali linanifuata ukutani. Asubuhi nilikuwa nakwenda kazini macho yamevimba, na walinzi wa lango la hospitali wananiuliza kama kwetu kuna matanga.

Yote yalianza na kazi ya kawaida. Mwalimu Andayi, aliyetufundisha takwimu za afya na ambaye sasa ndiye mkubwa wangu, alipita mezani kwangu akaniambia kwamba Ijumaa ya wiki ijayo tunaizima ile kompyuta kuukuu tuliyokuwa tukifanyia majaribio enzi za mafunzo. "Isafishe kwanza," alisema. "Wale wagonjwa wa uongo wote waondoke. Na maneno ya ujumbe wa kliniki kwenye mfumo mpya yako mikononi mwako, mradi usinipigie simu kwa kila sentensi." Wagonjwa wa uongo tulikuwa sisi wenyewe. Wakati wa mafunzo hatukuruhusiwa kuchezea rekodi za watu halisi, kwa hiyo kila mwanafunzi alijiandikisha kama mgonjwa, kwa jina lake na nambari yake ya simu, ili tuone kama mashine inakumbusha watu kuja kliniki inavyotakiwa. Nililikuta jina langu nikajifuta bila kuwaza, jambo ambalo kwangu ni muujiza. Nikawafuta wengine. Kisha nikafika kwa Mmbone.

Mbele ya jina lake mashine ilikuwa imeandika hali yake: Amepotea. Nilipobonyeza kuona zaidi, nikakuta kwamba ilikuwa bado inamtumia ujumbe, kila Alhamisi, na kwamba simu yake ilikuwa ikijibu. Majibu yalikuwa yakiingia kwenye kisanduku ambacho hakuna aliyekifungua tangu mafunzo yaishe. La kwanza lilisema: "Mwanangu hayuko. Amelala hapa nyumbani." Alhamisi iliyofuata: "Bado hayuko. Asanteni kwa kuuliza." Kisha moja lilisema tu kwamba imenyesha sana. Lingine, kwamba mahindi imetoa ndevu. Lingine, kwamba ng'ombe amezaa na ndama ni jike, Mmbone angefurahi. Nilisoma yote, nikafunga kompyuta, nikaenda msalani nikasimama mbele ya bomba bila kulifungua. Nilikuwa sijui. Hakuna aliyekuwa akijua. Mashine tuliyoitengeneza ilikuwa imekaa kabatini, imewashwa, zaidi ya mwaka ikimwuliza mama wa watu mtoto wake yuko wapi, na mama alikuwa akiijibu kwa adabu.

Kwa hiyo inanibidi niurudie ule mwaka, hata kama singependa.

Chumba cha mafunzo kilikuwa zamani wodi ya watoto. Walikuwa wameondoa vitanda na kuweka meza, lakini ukutani walibaki wanyama waliochorwa kwa ajili ya wagonjwa wadogo: twiga aliyekatwa shingo na dirisha jipya, simba aliyepauka mpaka akafanana na mbwa, na bata ambaye fundi umeme alimtoboa jicho ili aweke soketi. Kuchaji kompyuta tuliita kumpa bata chakula. Mchana mvua ya Kakamega ilipopiga mabati, Mwalimu Andayi alinyamaza katikati ya neno, akakaa juu ya meza na kungoja, na sisi tukatoa vyakula vyetu. Kulikuwa na wauguzi waliokuja moja kwa moja kutoka zamu wakiwa na sare zao, makarani wa rekodi waliozoea mafaili ya karatasi, na sisi vijana tuliotoka chuo kikuu juzi juzi, tuliojua mahesabu mengi na hatujawahi kumgusa mgonjwa. Mimi nilikuwa na digrii ya takwimu na hofu ya kila kitu kingine.

Siku ya kwanza Mwalimu alituonyesha safu ya tarehe za kuzaliwa, akaniuliza mimi kama ni safi. Nikasema labda. Akaniuliza ni zipi zenye makosa. Nikasema labda ile ya juu, ila labda si kosa, labda ni mzee sana, na labda karani alikosea mwaka, ila pia... Kutoka nyuma sauti ya msichana ikasema, "Mwalimu, mwandikie hivyo hivyo kwenye kitambulisho. Jina: Labda." Chumba kizima kilicheka. Niligeuka nikamwona amevaa sweta nzito ya samawati, jua likiwa kali nje, na mbele yake chupa ya maji kubwa kama ya kubebea mafuta ya taa. Hakuwa anacheka. Alikuwa ananiangalia kuona kama nimeumia, na alipoona nimeumia kidogo alinisogezea kiti kwa mguu. Jina langu halisi halikutamkwa tena katika chumba kile.

Tulipanga pamoja chumba kimoja Amalemba, kwa sababu kwao Shinyalu barabara ilikuwa mbaya wakati wa mvua, na kwetu Lugari ni mbali. Kilikuwa na dirisha moja lililotazama ukuta wa jirani, na ukuta wenyewe mwembamba hata tulijua mambo ya jirani kuliko ya kwetu. Jirani mwanamume alikuwa hodari wa kualika wageni bila kumwambia mkewe, na kila Jumapili tulimsikia mke akisema, "Na ingokho watakula gani? Ile kuku inatagaga? Chinja wewe mwenyewe kwanza!" Mmbone alikuwa akiziba mdomo kwa blanketi asisikike akicheka. Yeye ndiye alikuwa mpishi. Alipika mboga ya murere kwa chumvi ya kienyeji mpaka ukawa unavutika kama uzi, akausonga obusuma, ugali wa kwao, mgumu, akaniwekea donge kubwa na kunitazama nikihangaika. "Nyinyi watu wa Lugari mnalima mahindi tu, mboga hamjui," alisema. "Kula. Huo si mtego." Mimi nilikuwa nikikagua mboga kama kuna mdudu. Aliniambia kama yumo, ameiva.

Niliishi naye wiki kadhaa kabla ya kujua, na sikuambiwa na yeye. Tulikuwa kibarazani saa ya chai, tumekaa nyuma ya mlango uliofunguliwa, tunakula mahindi ya kuchemsha. Upande wa pili wa mlango wauguzi wawili walikuwa wakizungumza bila kujua tupo.

"Yule wa sweta ana selimundu. Ona macho, manjano kabisa."

"Yeye mwenyewe anajua?"

"Atakosa kujua aje? Wanajuanga tangu wakiwa watoto."

"Maskini. Na vile anaongea."

Sikuthubutu kumtazama. Selimundu nilikuwa nimeisoma chuoni kama namba: damu inayojikunja kama mundu na kuziba njia zake yenyewe, na baridi, kiu na uchovu vikiiamsha, mtu anaumwa mifupa mpaka analia. Sasa nilielewa sweta na ile chupa ambayo wauguzi waliifanyia mzaha, wakimwita Isiukhu, eti amebeba mto mzima begani. Mmbone alimaliza gunzi lake polepole. Akasema kwa sauti ya kutosha kuvuka mlango, "Wamekosea kitu kimoja tu. Hayo macho ni mazuri." Muuguzi mmoja akachungulia, aibu imemjaa, akasema, "Isiukhu, mama, tusamehe." Mmbone akamwambia atamsamehe kwa mandazi. Akaletewa. Usiku wa siku hiyo nilianza kuhesabu kimoyomoyo maji aliyokunywa, na alipogundua alinirushia kifuniko cha chupa. "Labda, mimi si zoezi lako," alisema. Nilijitahidi. Sikuweza kuacha, nilijifunza tu kufanya hivyo bila kuonekana.

Somo ninalolikumbuka kuliko yote lilikuwa la hali za wagonjwa. Mwalimu Andayi aliandika ubaoni: Anaendelea. Amehamia. Amepotea. Amefariki. Kila rekodi, alisema, lazima iwe na moja ya hizo. Mmbone aliinua mkono. "Amepotea vipi, Mwalimu? Kwani ni kuku?" Makarani wakacheka. Mwalimu akangoja watulie. Alikuwa mtu mkavu, shati lake halikuwahi kukosa kifungo, na hakupenda utani ubaoni. "Amepotea maana yake hatujui," alisema. "Mtu akikosa kliniki mara kadhaa mashine yenyewe itamwandika amepotea. Lakini haitaandika amefariki. Kifo hakikisiwi. Lazima mtu aje athibitishe, na jina lake liandikwe kwamba ni yeye amesema." Nilinakili hivyo kwenye daftari langu kama wengine. Leo hii naona ajabu kwamba tuliketi pale, mvua ikikaribia, tukiandika maneno hayo kwa haraka ili tuwahi chai.

Ilipofika kazi ya mwisho, tulipewa kutengeneza kitu kimoja kitakachosaidia kliniki. Sisi wawili tulichukua kliniki ya selimundu, ambayo hufanywa Ijumaa, na tukatengeneza ujumbe wa kuwakumbusha wagonjwa kila Alhamisi. Mimi niliandika amri za mashine. Yeye aliandika maneno, kwa sababu, alisema, ndiye pekee kati yetu aliyewahi kukumbushwa. Alikuwa amekaa kitandani, sweta imemfunika mpaka magotini, akijaribu sentensi kwa sauti na kuzifuta. La kwanza likawa: "Mmbone, kesho ni kliniki. Kunywa maji, vaa sweta, usijifanye shujaa. Tunakungoja." Jina lilikuwa linajiweka lenyewe kulingana na mgonjwa. La pili lilikuwa la mtu aliyekosa kuja: "Mmbone, hatukukuona kliniki. Kama ni mvua, tumeelewa. Kama umekasirika, njoo tugombane hapa hapa. Uko wapi?"

"Hilo la kugombana litawaudhi watu," nilimwambia. "Labda tuseme tu tunaomba radhi kwa usumbufu."

"Labda, umewahi kuumwa mpaka ukaichukia hospitali?"

"Hapana."

"Basi wewe andika amri. Ukiwa na hasira hivyo hutaki kuombwa radhi. Unataka mtu wa kugombana naye."

Siku ya kuwasilisha tulisimama mbele ya ukuta wa twiga. Kulikuwa na baridi tangu asubuhi na Mmbone alikuwa ametembea polepole kuja, akisema viatu vinambana. Alisoma ujumbe wake, na chumba kilicheka, na muuguzi yule wa mandazi akajifuta jicho kwa pembe ya sare. Mwalimu Andayi akasema kazi ni nzuri sana, ila ofisi haiwezi kumwambia mtu njoo tugombane. Akatupa maneno rasmi: "Mteja mpendwa, unakumbushwa kuhudhuria kliniki yako kesho. Asante."

"Mteja?" Mmbone aliuliza. "Nimenunua nini?"

Hata Mwalimu alicheka, lakini hakubadili. Maneno rasmi yalikwenda kwenye mfumo wa kweli. Ya Mmbone yalibaki kwenye kompyuta ya majaribio, kwa mgonjwa mmoja tu, yeye mwenyewe. Alipoketi karibu nami niliona mikono yake imeshika ukingo wa meza mpaka vidole vikapauka. Nikamwambia twende kliniki. Akasema si lolote, ataenda nyumbani Shinyalu apumzike wikiendi, mama yake anajua kumkanda. Nilimsindikiza mpaka alipopanda pikipiki. Alinigeukia akasema, "Usinipigie kila saa. Nipigie moja moja." Nilikubali. Nikampigia kila saa, na kila saa alipokea na kusema, "Bado ni mimi," mpaka Jumapili jioni, simu ilipoacha kupokelewa.

Jumanne tulikuwa darasani. Mvua ilikuwa inapiga mabati na Mwalimu amekaa juu ya meza anangoja, nikaona mtu amesimama mlangoni, mzee mfupi aliyelowa, kofia mkononi. Kwao habari ya kifo haitumwi kwa simu. Lazima mtu aje na miguu yake, asimame, aseme. Mimi sikulijua hilo wakati ule. Nilidhani ni mtu aliyekuja kutafuta wodi ya watoto ya zamani. Alituangalia mmoja mmoja, akauliza kwa sauti iliyoshindana na mvua, "Nani hapa anaitwa Labda?"

Hakuna aliyecheka. Nadhani wauguzi walijua kabla yangu, wana uzoefu wa watu wanaosimama mlangoni hivyo. Nilisimama. Alisema yeye ni Shivachi, baba mdogo wa Mmbone, na kwamba ametumwa na shemeji yake, mama wa Mmbone, kwa sababu hilo ndilo jina ambalo mtoto alikuwa akilitajataja. Alitaka kuendelea lakini mvua ilizidi, na ikambidi angoje kama Mwalimu anavyongoja, amesimama na kofia yake, na mimi nimesimama, na chumba chote kinangoja mvua ipungue ili mtu amalize kusema neno ambalo tayari tulikuwa nalo.

Mazishi sitayaeleza. Nakumbuka matope, na nakumbuka kwamba nilijiuliza kama nimevaa viatu vinavyofaa. Ninachoweza kueleza ni siku ya nywele. Kwa watu wa Shinyalu mazishi hayamalizi kifo. Siku chache baadaye jamaa hunyolewa, watu hukaa uani, na msimamizi husimama kuuliza kama kuna yeyote mwenye neno na marehemu: aliyemwazima kitu, aliyeahidiwa, aliyegombana naye. Yote husemwa mbele ya watu. Vitu vyake hugawiwa, kila kimoja kipate mwenyewe. Baada ya siku hiyo hakuna anayeruhusiwa kuja na kusema bado kuna jambo. Sweta ya samawati alipewa binamu yake. Chupa ya maji alipewa mdogo wake wa mwisho, akaikumbatia kama mtoto. Mimi nilipewa sufuria ya murere. Shivachi aliuliza mara ya mwisho, "Kuna mtu mwingine ana kitu cha huyu mtoto?" Sisi watu wa mafunzo tulitazamana. Hatukuwa na kitu. Hivyo ndivyo tulivyoamini. Alhamisi ile, na kila Alhamisi baada yake, mashine ikatuma ujumbe wake. Ijumaa hakuna aliyekuja. Baada ya muda ikafanya kile tulichoifundisha, ikamwandika kwamba amepotea, na kuanzia hapo haikusema tena tunakungoja. Ilikuwa inamwuliza yuko wapi.

Sasa nilikuwa na siku chache kabla ya Ijumaa ya Mwalimu Andayi. Njia rahisi ilikuwa kutofanya lolote, mashine izimwe na ujumbe ukome wenyewe. Njia nyingine, nayo niliifikiria sana kuliko ninavyopenda kukiri, ilikuwa kumhamishia Mmbone kwenye mfumo mpya kimyakimya, kama mgonjwa halisi, ili mama yake aendelee kuulizwa na kuendelea kusimulia habari za ndama. Ningekuwa nimemhesabu marehemu pamoja na walio hai. Lakini nani angeumia? Mtu mmoja katika hesabu ya wilaya nzima. Nilijibishana nao, Mwalimu wa kichwani na Mmbone wa kichwani, na Mmbone alikuwa akinicheka. Mwishowe nilichoka na kichwa changu. Jumamosi niliweka ile kompyuta kuukuu kwenye begi nikapanda pikipiki kwenda Shinyalu.

Mama yake alikuwa jikoni, anachambua majani ya murere kwenye ungo. Hatukuwa tumeonana tangu siku ya nywele. Aliinua uso akanitazama kwa muda.

"Labda?"

"Ni mimi, Mama."

"Umekonda. Kwani huko mjini hawapikangi?" Akanisogezea kigoda. "Kaa. Saidia hii mboga, kisha useme chenye umeleta."

Nilikaa nikachambua. Simu ya Mmbone ilikuwa rafuni, juu ya kikombe, imechomekwa kwenye chaja ya sola, ule ufa wa pembeni nikaukumbuka. Nilikuwa nimeandaa hotuba njiani lakini ilinitoka yote. Nikamwambia tu kwamba ule ujumbe wa Alhamisi haukutumwa na daktari. Ni mashine yetu, mimi na Mmbone tuliitengeneza, na maneno ni ya Mmbone.

"Kwani unafikiri sijui?" alisema. "Daktari gani huwa anaita mtu aje wagombane? Ile siku ya kwanza nilikasirika. Nikasema hawa watu wa hospitali hawana haya. Ya pili nikasoma polepole, nikasikia sauti yake kabisa. Nikaanza kujibu."

"Nimeona majibu, Mama. Nimeyaona juzi tu. Hakuna mtu alikuwa anayasoma."

Mikono yake ilisimama juu ya ungo. Hilo ndilo nililoogopa kuliko yote, na nilikuwa nimelisema.

"Hakuna hata mmoja?"

"Hakuna."

Akaendelea kuchambua. Nje Shivachi alikuwa akimgombeza ng'ombe. "Nilidhani kuna mtu huko anajua juu ya ndama," alisema mwishowe, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikakatika. Nilitaka kumwambia sasa ninajua mimi, lakini nikaona ni neno dogo sana. Niliuliza nililokuja kuuliza. "Mama, unataka niizime?"

"Inanichosha, mwanangu," alisema. "Kila Alhamisi inaniuliza yuko wapi. Na mimi namwambia. Wiki ingine inaniuliza tena. Mtu anaulizwa hivyo mpaka lini? Lakini pia nikisikia imelia nakimbianga." Akafuta mikono kwa kanga. "Zima. Ila usizime kama mtu anazima taa. Hicho ni kitu chake, na siku ya nywele hamkukisema."

"Hatukujua kwamba tunacho."

"Sasa unajua. Kiseme."

Akamwita Shivachi, na mdogo wa Mmbone aliyekuwa na ile chupa, na jirani mmoja aliyekuwa anapita na kuni. Wakasimama uani, karibu na kaburi lililokuwa limeota majani. Shivachi alilalamika kwamba mambo ya nywele hayafanywi mara ya pili. Mama akamwambia, "Shemeji, uliza tu." Akavua kofia. Akauliza kama kuna mtu mwenye kitu cha huyu mtoto.

Nikasema ninacho. Nikasema Mmbone alituachia maneno, yako kwenye mashine ninayoitunza, na nikayasoma yote mawili kwa sauti, la kungojwa na la kuulizwa yuko wapi. Jirani aliweka kuni chini. Shivachi aligeuzageuza kofia yake.

"Sasa hayo apewe nani?" aliuliza. "Kitu cha marehemu hakikai bila mwenyewe."

Wote walimtazama mama. "Hao wengine wa kliniki," alisema. "Wale bado wanangojwa."

Mtandao ulikuwa unashika kando ya ukuta wa jikoni, kwa hiyo niliweka kompyuta juu ya kigoda hapo, na mama akakaa karibu yangu kwenye gogo. Nilifungua rekodi ya Mmbone. Nilibadilisha pale palipoandikwa Amepotea. Mashine ikauliza nani amethibitisha.

"Inasema nini?" mama aliuliza.

"Inataka jina la mtu aliyesema kwamba amefariki."

"Andika mimi," alisema. "Si nimekuwa nikisema."

Niliandika jina lake kamili, herufi moja moja, naye akaangalia kama nimelipatia. Nikahifadhi. Rafuni simu ilikaa kimya, na mdogo wa Mmbone akaenda akaichomoa kwenye chaja, akamletea mama yake, naye akaitia kifuani ndani ya nguo.

Sikufunga kompyuta. Niliingia kwenye mfumo mpya, kwenye ukurasa wa kliniki ya selimundu, nikafuta Mteja mpendwa. Nikaandika: kesho ni kliniki, kunywa maji, vaa sweta, usijifanye shujaa, tunakungoja. Nikaandika na lile la pili lote, na kugombana kukiwamo. Simu yangu ilikuwa mfukoni na nambari ya Mwalimu Andayi ilikuwa ndani yake; sikumpigia. Mashine ikauliza kama nina hakika. Nikabonyeza ndiyo, nikafunga kompyuta, nikaenda kunawa mikono, kwa sababu obusuma ulikuwa umeiva na mama alikuwa ananiita.